"Ana roho mbaya" si sababu: mhusika wako akifungua mlango, anaingia kufanya nini?

#1

Wakuu, salaam.

Kuna watu wananitumia miswada na skripti niwasomee. Sijui nani aliwaambia nasoma bure, ila nasoma. Karibu kila mara najikuta nimeandika pembeni maneno yale yale: "Kwa nini?" Kwa nini huyu dada amwekee mwenzake sumu? Kwa nini huyu kijana aache kazi ya benki akauze unga? Nikiuliza, majibu ni mawili tu miaka nenda rudi. La kwanza, "Ana roho mbaya." La pili, "Utotoni aliteswa." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, acha niyamwage hapa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliandika sehemu chache za tamthilia ya familia. Mama mkwe, mkamwana, nyumba yenye geti jeusi, mnazijua. Kwenye sini moja mama mkwe anaingia chumbani kwa mkamwana na kumporomoshea matusi ukurasa mzima. Nilijiona nimeua. Siku ya kurekodi, mama aliyepewa nafasi ile, mtu mzima aliyeanza kuigiza jukwaani mimi sijazaliwa, akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu mama anataka nini?"

"Hampendi mkamwana wake, mama. Ana roho mbaya."

"Roho mbaya mimi siwezi kuicheza. Nakuuliza, nikifungua huu mlango naingia kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Taa zinawaka, jenereta linakula mafuta, prodyuza anatazama saa. Yule mama akaketi kitandani akaanza kunihoji kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Mwanangu anafanya kazi gani? Wadogo zake nani anawalipia ada? Mimi mwenyewe nakula kwa nani? Hazikupita dakika kumi tukawa tumegundua jambo ambalo mimi niliyeandika nilikuwa silijui: kijana ndiye anayewalipia ada wadogo zake wawili, mkewe ameshamshawishi wanunue kiwanja, na malipo ya kwanza yanatakiwa wiki hiyo. Kumbe mama hakuja kutukana. Amekuja kuona kama risiti ya kiwanja imeshakatwa.

Tukafuta matusi yote. Mama akaingia na nguo alizozianua, akasema mvua inakuja, akaanza kuzikunja taratibu pale pale kitandani, kando ya mkoba wa mkamwana. Anakunja, anasifia kitenge, jicho liko kwenye mkoba. Mkamwana anashukuru, huku anauvuta mkoba upande wake. Hakuna aliyetukanwa, na sisi tuliokuwa mle chumbani tulijikunyata. Mpiga picha alisahau kukata.

Tangu siku hiyo swali langu ni la yule mama.

Hapa kidogo niwalaumu walimu wetu, kwa heshima. Shuleni tulifundishwa kwamba dhamira ni lile wazo linalobebwa na kazi ya fasihi. Kwa hiyo ukimuuliza mwandishi kijana "dhamira ya huyu mhusika ni nini?" anakujibu "umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike." Sikuulizi hayo, bwana, nauliza huyu binti anataka nini! Ndiyo maana mimi nimeliacha neno dhamira na kuchukua la nyumbani: shida. Ukifika ofisi ya serikali ya mtaa unaulizwa, una shida gani? Nawe unajibu, nina shida na mwenyekiti. Unayemtaka na kinachokusumbua vimekaa kwenye neno moja. Mhusika asiye na shida na mtu yeyote leo hii, hata umwandikie wasifu wa kurasa kumi, ni picha ya ukutani.

Turudi kwenye "utotoni aliteswa." Mnaijua ile: filamu imefika katikati, picha inageuka rangi ya kahawia, mtoto anachapwa mkanda, kinanda kinalia. Basi, tumeshaelezwa, sasa aue anavyotaka. Ubovu wa kisengerenyuma cha aina hiyo ni kwamba mkanda hauelekezi mtu popote. Chukua ndugu wawili waliochapwa na baba mmoja, mkanda mmoja, chumba kimoja. Mmoja anakua hawezi kusikia mtoto wa jirani akilia bila kutoka nje. Mwingine anakuwa baba, anafungua kiuno, anavua mkanda ule ule. Wote wawili wanaaminika. Yaliyopita yanaweza kukueleza kwa nini jambo dogo kwa wengine ni kubwa kwake, na hiyo ni kazi ya maana. Ila hayamwamshi mtu saa kumi na moja alfajiri. Kinachomwamsha ni shida ya leo.

Mfano. Kuna mswada niliusoma (nimepewa ruhusa, na mambo nimeyageuza). Dereva wa bodaboda anapewa mzigo apeleke, njiani anagundua ni dawa zilizoibwa zahanati. Anakaa kimya. Kitabu kizima kimesimama juu ya huo ukimya. Nikauliza, kwa nini asiende polisi? Mwandishi akaniambia, baba yake aliuawa na polisi. Haya, inawezekana, lakini umeleta trekta kulima tuta la mchicha. Nikamuuliza swali dogo: pikipiki ni ya nani?

Kimya.

Hapo ndipo palipokuwa na kitabu chake. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba: kila siku unampelekea tajiri hesabu, muda ukitimia pikipiki inakuwa yako. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, mkataba ni wa mwaka mmoja na nusu, na dereva wetu amebakiza siku 41. Akienda kituoni, pikipiki iliyobeba mali ya wizi inaweza kulala pale kama kielelezo, na hesabu haisubiri kesi. Tajiri atamwambia mkataba umekufa. Zaidi ya siku 500 za jua na vumbi zimeyeyuka kwa sababu ya uaminifu wa asubuhi moja. Sasa niambieni nani kati yetu angekwenda mbio kuripoti. Mimi ningejifanya sikuona.

Na angalia kinachotokea kwenye hadithi. Tumepata saa inayogonga bila mwandishi kuitafuta: 41, 40, 39. Kila siku anayonyamaza anasogea karibu na pikipiki yake, na kila siku hiyo hiyo watu wanarudishwa zahanati, dawa hakuna. Ikifika 12, mtoto wa dada yake anaugua. Sikumwambia mwandishi afanyeje hapo. Hakuhitaji kuambiwa.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama shida ya mhusika imeshika, namwekea njia rahisi mbele yake. Si aondoke tu? Si aseme ukweli? Si apige simu? Kama njia rahisi iko wazi na yeye hapiti, na hatujaona kinachomzuia, basi msomaji anaacha kumwona mhusika. Anakuona wewe, umemshika shati kwa nyuma.

Karibuni.

#2

Uzi mrefu mkuu ila nimeumaliza. Hiyo sini ya mkoba imenikumbusha shangazi yangu mmoja. Siwezi kusema zaidi, humu anaingia.

#3

Mimi nakupinga kidogo. Maisha halisi watu wanafanyiana mabaya bila sababu yoyote. Nilipopanga Manzese jirani alikuwa anamwaga maji machafu mlangoni kwangu, sijawahi kumkosea, hatukugombea mwanamke wala pesa. Wazee wetu walishasema, hasidi hana sababu. Na hadithi za bibi je? Mama wa kambo ni mbaya, basi. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza mama wa kambo ana mkataba wa bodaboda. Tusilete uzungu kwenye kila kitu.

#4 (mleta uzi)

Mkuu hapo #3, umenichekesha na mkataba wa mama wa kambo.

Kwenye ngano nakubali moja kwa moja. Fisi ana tamaa, sungura ni mjanja, mama wa kambo ni mbaya. Ni kama kete za bao, kila mtu anazijua kabla mchezo haujaanza, na utamu uko kwenye mchezo wenyewe. Lakini siku utakapomtoa mama wa kambo kwenye ngano, ukampa jina, ukampangishia chumba Tabata na kumnunulia simu, hadhira inaanza kumpima kama jirani. Umeihamisha wewe mwenyewe.

Kuhusu hasidi, msemo ule naupenda, upo mpaka kwenye kanga. Ila usome vizuri: hana sababu. Haujasema hana shughuli! Jirani yako hukujua kwa nini anakuchukia, lakini ulijua anachofanya: anangoja ufungue mlango, anamwaga maji, anachungulia uso wako ukoje. Anataka kukuona umekasirika. Hilo mwigizaji yeyote analicheza.

Mtazame Iago, yule mwovu kwenye Othello, tamthilia ya Shakespeare. Mara anasema amekasirika kwa sababu cheo amepewa Cassio, mara anasema anamshuku Othello kutembea na mke wake yeye Iago. Sababu zinabadilika mdomoni mwake, na mwisho anapokamatwa na kuulizwa kwa nini, anakataa kusema. Coleridge, yule mshairi Mwingereza, aliona zile ni sababu zinazotafutwa na uovu ambao hauna sababu. Sawa. Lakini chukua sini yoyote ya Iago utajua anataka nini pale: hapa amleweshe Cassio ili apigane, pale aipate leso ya Desdemona, mke wa Othello. Miaka zaidi ya mia nne watu wanabishana kwa nini, na hakuna aliyewahi kutoka ukumbini akiuliza alikuwa anafanya nini.

Kwa hiyo nirekebishe kauli yangu ya mwanzo. "Kwa nini" unaweza kuiacha gizani ukiwa na ujasiri. "Anataka nini sasa hivi" huwezi.

#5

Nafundisha Kiswahili sekondari, lawama nimezipokea kwa niaba ya walimu wote, ingawa mtaala si mimi niliyeuandika.

Nina hoja. Shida zako ni ada, kiwanja, hesabu ya pikipiki. Nzuri. Je, mtu anayekufa kwa ajili ya neno tu? Nawafundisha vijana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na kila mwaka darasani linazuka swali lile lile kuhusu mwisho. Mwenye tamthilia hiyo amemchukua mtu wa kweli wa Ngarambe, wa wakati wa Majimaji, akamjenga upya. Kinjeketile wa Hussein anatoka mtoni na maji yanayoaminiwa kuzuia risasi, watu wanaungana kwa sababu ya hayo maji. Halafu yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, kwa sababu katika maneno yaliyomtoka kinywani aliahidi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule Sultani wa Zanzibar, maana yake wamwondoe Mjerumani wamweke mtawala mwingine. Anataka watu wasubiri. Hawasubiri. Wanakufa kwa risasi. Mwishoni amefungwa, anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, aliyewaona watu wakianguka, naye anamsihi aseme.

Hapo mwanafunzi ananyoosha mkono: mwalimu, si mwenyewe ana shaka na maji? Si aseme tu apone? Njia rahisi yako hiyo hapo, iko wazi kabisa.

Hasemi. Akisema, watoto wa kesho wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Maji si hoja tena, hoja ni neno lililokwisha kuzaliwa kutokana na maji. Kuna mwaka kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye huwa halali wala hasikilizi, yupo tu, aliniambia: "Kwa hiyo mwalimu anakataa kukana kitu ambacho hata yeye hakiamini, ili sisi tukiamini." Nilimwachia chaki.

Hiyo utaipimaje kwa kipimo cha bodaboda?

#6 (mleta uzi)

Mwalimu, umenipiga bao.

Nimekaa nalo tangu jana. Nilikuwa nawaza kinachoweza kupotea lazima kishikike: pesa, nyumba, mtoto. Huyu anachokilinda ni imani ya watu ambao hata hawajazaliwa. Na tunamwamini. Nadhani tunamwamini kwa sababu Hussein ametuonyesha bei mapema. Tumemwona Kinjeketile akiteseka na neno lake mwenyewe, tumeona likimponyoka na kwenda kufanya kazi ambayo hakuituma. Kama tamthilia ingeanzia kifungoni, ningemwona mkaidi tu. Na shida yake imegeuka njiani: mwanzo alitaka watu waungane, katikati anataka wangoje, mwisho anataka kifo chao kisifutwe. Hajabadilika tabia hata kidogo. Ni mambo yaliyomzunguka yaliyosogea, naye akasogea nayo.

Hili wengi wetu tunalikosa. Tunampa mhusika shida moja ukurasa wa kwanza na anaibeba mpaka mwisho kama ndoo kichwani.

#7

Nipo Mombasa, nimechelewa ila niongeze la upande wetu. Kosa jingine ninaloliona kwenye tamthilia ni mhusika kusimama katikati ya sebule na kutangaza: "Nakuchukia kwa sababu ulininyang'anya mume wangu!" Jamani, nani husema hivyo? Huku kwetu mwanamke ana yake moyoni, atanunua kanga yenye jina analolitaka, ataivaa siku ya harusi na kupita mbele ya mwenziwe mara tatu, pole pole, huku akimuuliza hali ya watoto. Ukumbi mzima ushaelewa. Ukimtia maneno mdomoni umemharibia fumbo lake.

#8

Huyo wa #7 amemaliza. Kupita mara tatu!

#9

Shikamooni kaka zangu na dada zangu. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika wangu anaitwa Neema, mumewe anampiga, amekimbilia kwa mama yake na mtoto. Sura ya nne anarudi kwa mume. Kila niliyempa asome anasema Neema ni mjinga, na baada ya hapo hawamjali tena. Nimejaribu kuongeza sura ya jinsi walivyopendana zamani, bado wanasema mjinga. Nifanyeje?

#10 (mleta uzi)

Marahaba dada. Hiyo sura ya mapenzi ya zamani iweke kando kwanza, usiifute. Nijibu haya:

Siku aliyorudi ilikuwa siku gani? Kwa mama yake wanalala wangapi, na nani ameanza kuhesabu sahani? Na lile la yule mama yangu wa kitandani: Neema akifungua mlango wa mumewe siku hiyo, anaingia kufanya nini? Usiniambie "anaingia kurudiana." Hakuna anayebeba begi akaenda kurudiana. Watu huenda kuchukua kitu.

#11

Kaka nimefikiri siku mbili. Ilikuwa Jumatano, uandikishaji wa darasa la kwanza unafungwa Ijumaa, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilibaki kule. Hakuenda kurudi! Alienda kuchukua cheti, mtoto kamwacha kwa bibi, nauli ya kwenda na kurudi kaikunja kwenye kitambaa. Anafika, kabatini cheti hakipo. Mume anaongea vizuri, anamwambia kaa tukitafute wote, usiku umeingia, kesho asubuhi tutakiona. Anapika. Analala. Asubuhi hakuna cheti, mume anasema atauliza kazini. Ndiyo amerudi hivyo, hata yeye hajui ni saa ngapi amerudi.

Nilipomsomea mama yangu hakusema mjinga. Alisema, "Kiko kwa huyo mwanaume."

#12 (mleta uzi)

Mama yako asome skripti zangu zote.

Kiko wapi?

#13

Mfuko wa shati lake la kazi. Nimeandika Neema anamwona akikiweka.

#14 (mleta uzi)

Asimwone. Mwache Ijumaa asubuhi afue hilo shati.